Manispaa inaomba maoni kuhusu kiwanja chake: je, yatasikilizwa?

*"Nyuma ya mtaa wetu kuna kiwanja cha manispaa, karibu hekta mbili, kilichokuwa karakana ya mabasi. Kimefungwa kwa miaka mingi. Wiki iliyopita tangazo limebandikwa getini: manispaa inapokea maoni kuhusu 'matumizi bora ya kiwanja' kwa siku 21, na kutakuwa na mkutano Jumatano saa nne asubuhi. Mimi ningependa maktaba na mahali pa watoto kucheza. Jirani yangu anataka nyumba za bei nafuu. Wengine wanatuambia tusijisumbue, kiwanja kimeshauzwa na mkutano ni wa kutimiza taratibu tu. Pembeni mwa ukuta kuna mafundi na wauza vyakula ambao tangazo halikuwataja kabisa. Tumeanza kukusanya saini. Je, maoni yetu yana uzito wowote? Tuyaandikeje yasiishie kabatini? Na mimi na jirani tuandike barua moja au kila mtu yake?"*

Jibu fupi ni ndiyo, yana uzito, ila uzito huo hupungua kadiri siku zinavyokwenda, na kukusanya saini peke yake hakutausaidia sana. Hofu yenu kwamba mnaitwa kupiga muhuri uamuzi uliokwishafanyika ina msingi. Hutokea, tena mara nyingi. Lakini "imeshauzwa" ni dai linaloweza kuhakikiwa kwa siku mbili tatu, na ningeanza na hilo kabla ya kumwomba mtu yeyote saini nyingine.

Kiwanja cha umma hupita hatua kadhaa kabla ya tingatinga kufika. Kwanza mtu ndani ya ofisi hutoa wazo. Thamani ya kiwanja hukadiriwa. Madiwani huamua kama kitauzwa, kitapangishwa au manispaa itakiendeleza yenyewe. Yanaandikwa masharti ya zabuni, zabuni inatangazwa, mshindi anapatikana, mkataba unasainiwa, na mwisho kabisa linakuja ombi la kibali cha ujenzi. Wakazi wengi huamka katika hatua hii ya mwisho, siku mabati yanapozungushwa. Wakati huo kinachoweza kubadilishwa ni urefu wa ghorofa na mahali pa lango. Ninyi, kwa maneno ya tangazo lenyewe, mko kabla ya masharti ya zabuni, na hapo ndipo mambo makubwa huamuliwa: nani atamiliki, kwa muda gani, na nini hakiruhusiwi kujengwa.

Kwamba maoni yakusanywe mapema si upole wa viongozi. Mkataba wa Aarhus wa mwaka 1998, unaohusu haki ya wananchi kushiriki katika maamuzi ya mazingira, unazitaka nchi zilizouridhia ziwashirikishe wananchi mapema, wakati njia zote bado ziko wazi. Nchini Uingereza, kesi ya mwaka 1985 dhidi ya halmashauri ya Brent iliacha vigezo vinne vinavyotumika hadi leo: maoni yaombwe wakati uamuzi bado haujaiva, wananchi wapewe maelezo ya kutosha, wapewe muda wa kutosha, na walichosema kizingatiwe kwa dhati kabla ya kuamua. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, katika kesi ya halmashauri ya Haringey, iliongeza jambo linalowahusu ninyi sana: pale haki inapodai, wananchi waelezwe pia njia nyingine zilizofikiriwa na kwa nini ziliachwa. Hata kama sheria ya kwenu imeandikwa kwa maneno mengine, vigezo hivyo vinne ni kipimo kizuri cha kulipimia lile tangazo la getini. Linasema "matumizi bora" bila kusema bora kwa nani, na halitaji njia hata moja inayofikiriwa. Hilo pekee ni hoja ya kwanza ya barua yenu.

Sasa tuje kwenye uvumi. Kuna mahali patatu pa kuangalia. La kwanza ni kwenye masjala ya ardhi. Nendeni na namba ya kiwanja, muombe upekuzi, na mtajua hati iko kwa jina la nani, kama kuna rehani, zuio au mkataba wa upangishaji ulioandikishwa. La pili ni mihtasari ya vikao vya madiwani na kamati zao, hasa kamati ya fedha na ile ya mipango miji. Watu hukimbilia kamati ya mipango miji kwa sababu jina lake linavutia, lakini viwanja huuzwa kwanza kwenye fedha. La tatu, ambalo wengi hawalifikirii, ni bajeti. Tafuteni kwenye makadirio ya mapato mstari wa mauzo ya mali za manispaa. Ukikuta mwaka ujao mstari huo umepanda ghafla kwa kiasi kinachokaribia thamani ya kiwanja kama chenu, basi fedha za kiwanja zimeshapangiwa matumizi, na maoni ya "msiuze" yatakutana na ukuta ambao hauonekani kwenye mkutano. Haina maana kwamba mmeshindwa. Ina maana lazima mseme pengo hilo la bajeti lizibweje.

Mkiona hakuna mauzo, uvumi huo uzikeni hadharani, mkiwa na nakala ya upekuzi mkononi. Uvumi wa namna hii huwafaa wale wasiotaka mje mkutanoni.

Kuna mambo mawili mnayoyaamini, kwa jinsi ninavyousoma ujumbe wako, ambayo yanahitaji kusahihishwa. Moja ni kwamba kwa kuwa ardhi ni ya umma, basi watu wa mtaa ndio wenye kauli ya mwisho. Manispaa hushikilia ardhi hiyo kwa niaba ya wakazi wote wa mji, wakiwemo wa upande wa pili ambao hawajawahi kuiona karakana yenu. Kutoa maoni si kupiga kura. Upande wa pili wa sarafu ni kwamba manispaa nayo, kama mshika dhamana, ina mipaka. Mwaka 1892 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba jimbo la Illinois halikuwa na uwezo wa kuikabidhi kampuni ya reli eneo kubwa la ziwa mbele ya Chicago moja kwa moja, kwa sababu jimbo lilikuwa limelishikilia kwa dhamana ya wananchi. Wazo hilo la dhamana limesambaa katika nchi nyingi tangu hapo. Linafaa zaidi kwa fukwe, bustani na maeneo ya wazi kuliko karakana ya mabasi, kwa hiyo msilitegemee kama ngao. Litumieni kudai maelezo: mwenye dhamana ana wajibu wa kueleza anachofanya na mali.

Jambo la pili ni saini.

Niwaeleze kinachotokea siku ya 22. Afisa mmoja, mara nyingi kijana aliyepewa kazi hiyo juu ya nyingine tano, anakusanya barua zote na kuzihamishia kwenye jedwali. Safu ya kwanza: namba. Ya pili: aliyetoa maoni. Ya tatu: hoja. Ya nne: jibu la manispaa. Jedwali hilo ndilo madiwani hupewa, na wengi wao husoma hilo tu. Barua 400 zenye maneno yaleyale zinaingia mstari mmoja: "Wakazi 400, wanapendekeza maktaba." Safu ya nne inajazwa kwa sentensi moja: "Maoni yamepokelewa na yatazingatiwa." Amemaliza. Lakini barua moja yenye hoja sita tofauti inachukua mistari sita, na kila mstari unadai jibu lake. Kama hoja ni swali la ukweli, afisa hawezi kuandika "yatazingatiwa". Inabidi amuulize mhandisi, mwanasheria au mhasibu. Hapo ndipo maoni huanza kuuma.

Kwa hiyo orodha ya saini iwe kiambatisho, na barua iwe mwili. Andikeni hoja zenu kwa namba. Nitakupa mfano wa hoja dhaifu na ileile ikiwa imekazwa. Dhaifu: "Tunaomba kiwanja kitumike kwa manufaa ya jamii." Iliyokazwa: "Tunaomba masharti ya zabuni yaeleze kwamba angalau theluthi moja ya kiwanja, upande unaopakana na shule, itabaki eneo la wazi linaloingilika na kila mtu bila malipo, na kwamba sharti hilo litaandikwa kwenye hati ili limfunge pia mmiliki atakayefuata." Ya pili inataja waraka unaotakiwa kubadilishwa, kiasi, mahali na jinsi ya kulinda ahadi. Afisa akitaka kuikataa atalazimika kusema sababu, na sababu iliyoandikwa ni kitu mnachoweza kuipinga baadaye.

Ongezeni na ombi kwamba jedwali lenyewe litangazwe kabla madiwani hawajakaa. Ni ombi dogo, ni vigumu kulikataa, na hubadilisha sana jinsi safu ya nne inavyojazwa.

Kabla hamjaamua mnataka nini, mjue kwanza ardhi yenyewe inaweza nini. Hapa ndipo mikutano mingi ya wananchi huharibika: watu wanagombania maktaba na nyumba juu ya kiwanja ambacho hawajakichunguza. Karakana ya mabasi ni karakana. Kwa miaka yake yote dizeli ilimwagika, oili chafu ilitupwa, betri zilipasuliwa, na huenda kuna matangi chini ya ardhi. Ombeni kuingia na afisa, au chungulieni getini. Bomba jembamba la chuma linalopanda ukutani bila kuunganishwa na jengo lolote, limeinamishwa juu kama kichwa cha fimbo, aghalabu ni la kupumulia tangi. Mfuniko mzito wa chuma sakafuni, karibu na mahali pampu ilipokuwa, ni mlango wa tangi hilo. Madoa meusi ambayo mvua haiyaondoi na ambapo hata magugu hayaoti yanajieleza.

Mafuta yaliyozama udongoni huacha kemikali kama benzeni, ambayo husababisha saratani, na mvuke wake unaweza kupenya sakafu za majengo yaliyojengwa juu. Madini ya risasi kutoka kwenye betri na rangi za zamani hukaa kwenye tabaka la juu la udongo, na wanaodhurika zaidi ni watoto wadogo wanaochezea udongo na kutia mikono mdomoni. Sisemi kiwanja chenu ni sumu. Nasema kwamba uwanja wa watoto, pengine kuliko matumizi mengine yote, unahitaji ripoti ya uchunguzi wa udongo kwanza. Na kusafisha udongo ni gharama inayoweza kupindua hesabu zote: mnunuzi ataishusha bei kwa kisingizio hicho, au manispaa itaachiwa mzigo baada ya kuuza. Hoja ya pili ya barua yenu iwe hii: ripoti ya udongo ipo? Kama haipo, nani ataigharimia na kabla ya hatua gani?

Angalieni pia mifuniko ya mashimo ya majitaka. Ikijipanga mstari mmoja kuvuka kiwanja, bomba kuu linapita pale, na juu yake kwa kawaida hakijengwi kitu. Nimeona mabishano makali kuhusu jengo ambalo lisingeweza kujengwa mahali pale hata kama wote wangekubaliana. Ukanda kama huo unafaa kwa njia ya miguu, miti yenye mizizi mifupi, au uwanja mdogo, na mara nyingine ndio unaomaliza ugomvi kwa kuamua wenyewe wapi patabaki wazi.

Sasa maktaba. Ni wazo zuri, na nina upendeleo nalo, lakini mwenye kuomba maktaba aombe pia mshahara wa mkutubi. Kujenga ni tukio la mara moja, na wafadhili hulipenda kwa sababu lina siku ya uzinduzi. Kuendesha ni kila mwezi: wafanyakazi, umeme, vitabu vipya, ulinzi, paa linalovuja. Manispaa ikiona ombi lisilogusa gharama za uendeshaji, mhasibu wake atalikata bila hata kuwa na nia mbaya. Vivyo hivyo kwa uwanja wa kuchezea: nani atakata nyasi, nani atafunga usiku, nani atabadilisha mnyororo wa bembea ukikatika. Mji wa Bologna nchini Italia ulipitisha kanuni mwaka 2014 inayoruhusu vikundi vya wakazi kusaini makubaliano na jiji ya kutunza maeneo ya umma kwa pamoja, kila upande ukiandikiwa wajibu wake. Mpango wa namna hiyo unaimarisha ombi lenu, mradi msiahidi kujitolea kuliko mtakavyoweza. Kikundi chenye watu 30 mwezi wa kwanza huwa na watu sita mwaka wa pili.

Nyumba za jirani yako nazo zina hoja nzito. Katika mji wenye uhaba wa makazi, gharama ya ardhi ni sehemu kubwa ya gharama ya nyumba, na manispaa ni miongoni mwa wachache wanaoweza kuipunguza kwa makusudi. Swali langu kwake: bei nafuu kwa nani, na kwa miaka mingapi? Nyumba iliyouzwa kwa bei ya chini leo bila sharti inauzwa tena baada ya miaka miwili kwa bei ya soko, na nafuu yote inakuwa faida ya mtu mmoja. Nafuu inayodumu huwekwa kwenye umiliki wa ardhi au kwenye masharti ya hati. Ahadi ya mwekezaji mkutanoni haitoshi.

Ndiyo maana, kuliko ugomvi wenu wa maktaba na nyumba, mimi ningeweka nguvu kwenye swali la kuuza au kupangisha. Amsterdam ilianza mwaka 1896 kupangisha ardhi yake kwa muda mrefu badala ya kuiuza, ili jiji libaki na sauti na lipate sehemu ya thamani inayoongezeka. Kupangisha kunaruhusu kizazi kijacho kufikiri upya. Kuuza kunaleta fedha nyingi kwa mara moja, na kuna nyakati ambapo hilo ni sahihi, kwa mfano manispaa inapokuwa na kiwanja ambacho kweli haitakuja kukihitaji, na fedha zinakwenda kununua kingine palipo na uhitaji. Ila hata kupangisha kunaweza kuwa kuuza kwa jina jingine. Desemba 2008 jiji la Chicago lilikodisha mita zake za maegesho ya barabarani kwa miaka 75, kwa takriban dola bilioni 1.15. Madiwani walipitisha mkataba huo siku chache tu baada ya kuletewa. Mwaka uliofuata mkaguzi mkuu wa jiji alikadiria kwamba limepoteza karibu dola milioni 974 ikilinganishwa na thamani halisi. Mkiambiwa "hatuuzi, tunakodisha tu", ulizeni miaka, ulizeni kodi itapandaje, na ulizeni nini kitatokea mpangaji asipojenga. Kiwanja kinachoshikiliwa miaka kumi bila tofali moja ni hasara ambayo hakuna anayeihesabu.

Utasikia pia watu wakisema "tusikubali chochote, pabaki wazi". Berlin walifanya hivyo, na walishinda. Uwanja wa ndege wa Tempelhof ulifungwa mwaka 2008, ukawa bustani kubwa yenye zaidi ya hekta 300, kisha serikali ya jiji ikapendekeza kujenga pembezoni nyumba zipatazo 4,700 na, utacheka, maktaba kuu mpya. Tarehe 25 Mei 2014 wapigakura takriban asilimia 64 waliunga mkono sheria iliyoandikwa na wakazi wenyewe ya kuulinda uwanja wote. Hapana yao ilikuja na sheria kamili, yenye vifungu, tayari kutumika, na hiyo ndiyo tofauti yao na vikundi vingi vya kupinga. Gharama yake ni kwamba mji wenye uhaba mkubwa wa nyumba ulijifungia eneo kubwa, na mjadala wa kujenga pembezoni unarudi kila mara. Waliopiga kura walikuwa na haki yao, na wanaotafuta nyumba nao wana yao. Sina jibu la kuwafurahisha wote hapo, na hekta zenu mbili hazitoshi kukwepa uchaguzi kama huo.

Mafundi na wauza vyakula. Nashukuru uliwataja, kwa sababu tangazo halikuwataja na hilo si bahati mbaya. Kwenye ramani ya manispaa pale pameandikwa "tupu". Mtu asiye kwenye ramani hahesabiwi kwenye fidia, hapangiwi mahali pa kuhamia, na siku moja anapewa notisi ya siku saba. Andikeni leo orodha ya wanaofanya kazi pale: aina ya kazi, wako pale tangu lini, wangapi wanategemea kazi hiyo, wana risiti gani za ushuru walizolipa. Risiti za ushuru ni muhimu kuliko wanavyodhani. Zinaonyesha kwamba manispaa yenyewe iliwatambua na kuchukua fedha zao. Orodha iandaliwe nao na kwa ridhaa yao, na wao waamue kama majina yao yaonekane. Wengine watakuwa na sababu nzuri za kuogopa. Na msiwasemee. Wapeni nafasi waseme kama wanataka kubaki, kuhamishwa kwa utaratibu, au kupewa vibanda ndani ya mradi.

Mkutano wa Jumatano saa nne asubuhi utahudhuriwa na wastaafu, wanaotafuta kazi, na wawakilishi wa wenye maslahi. Ombeni kwa maandishi, mapema, uwepo mkutano wa pili jioni au mwisho wa wiki. Ukikataliwa, kukataliwa huko ni ushahidi kwamba muda na nafasi havikutosha. Ukikubaliwa, hakikisheni muhtasari unaandikwa na mnapata nakala. Mkiwa ndani ya ukumbi msigombee kipaza sauti. Mtu mmoja aulize maswali matatu yaliyoandikwa: hati iko kwa nani, ni njia zipi zilizofikiriwa na kuachwa, na uamuzi utafanywa na kikao kipi, tarehe gani? Majibu yaandikwe palepale. Maneno mengine yote yaende kwenye barua.

Na kama inaonekana uamuzi utachukua miaka, pendekezeni matumizi ya muda: soko la mwisho wa wiki, uwanja wa mpira juu ya sakafu ya saruji iliyopo, kwa mkataba mfupi wenye tarehe ya kuisha. Matumizi ya muda huonyesha kwa vitendo nini kinawezekana. Ila yana mtego wake, kwa pande zote: manispaa huogopa kwamba watu hawatatoka, na watu husahau kwamba walikubali kutoka.

Kuna wakati maelezo ya kusoma hayatoshi na lazima mumwone mtu ana kwa ana. Upekuzi wa hati ukionyesha kiwanja kimehamishwa kwa jina la kampuni au mtu binafsi, nendeni kwa mwanasheria wa ardhi wiki hiyohiyo, kwa sababu muda wa kuomba mahakama ipitie uamuzi wa mamlaka ya umma huwa mfupi, na mahakama hazina huruma na waliochelewa. Muulizeni kwanza kabisa kama ninyi mna haki ya kufungua shauri. Mwaka 1989 Wangari Maathai alipokwenda mahakamani Nairobi kuzuia jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, shauri lilitupwa kwa maelezo kwamba hakuwa na haki hiyo, kwani hakuonyesha kuwa ameumizwa yeye binafsi. Jengo lilikwama kwa njia nyingine: barua zake kwa wakuu wa serikali na kwa mashirika ya nje, kelele za wananchi, na wenye fedha waliojitoa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 baadaye iliruhusu mtu kudai haki ya mazingira mahakamani bila kulazimika kuonyesha kwamba kuna aliyepata hasara. Si kila nchi imefika hapo, kwa hiyo msikisie.

Kwa udongo, tafuteni mtaalamu wa mazingira wa kuchukua sampuli, na msichimbe wenyewe. Tangi la zamani linaweza kuwa na mvuke unaolipuka. Kwa mipaka, mpima ardhi mwenye leseni, hasa kama ukuta wa sasa haulingani na ramani. Na kama wafanyabiashara wameshapewa notisi, hao wasingoje barua yenu wala mkutano. Waende kwenye kituo cha msaada wa kisheria leo, na notisi yenyewe mkononi. Mtu yeyote akitishwa kwa sababu ya kuuliza maswali, ripotini polisi kwa maandishi, na kazi ya kuulizia ifanywe na kikundi badala ya mtu mmoja.

Swali lako la mwisho: barua moja au mbili? Mbili, zenye ukurasa mmoja unaofanana. Ukurasa huo uwe na mambo ambayo wewe na jirani yako hamtofautiani: ripoti ya udongo itolewe, njia zilizoachwa zitajwe, kiwanja kipangishwe badala ya kuuzwa, masharti yaandikwe kwenye hati, waliopo pembeni mwa ukuta watambuliwe, jedwali la majibu litangazwe. Kisha wewe endelea na maktaba na uwanja wako, naye na nyumba zake, kila mmoja akieleza gharama za uendeshaji zitatoka wapi. Pelekeni nakala mbili mbili, na hakikisheni mnarudi na moja iliyogongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe iliyo ndani ya zile siku 21.